Kofia ya Mama Paji

Mama Paji alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na hakuna doa lililomshinda. Damu, dawa, chai ya manesi, vyote vilitoka. Kilichomshinda ni paji lake la uso. Lilikuwa pana, limechomoza mbele, linang'aa kwa mvuke wa maji ya moto, na ndilo lililompa jina. Madaktari walimwita Mama Paji, dereva Mama Paji, hata barua ya ofisi iliwahi kuandikwa hivyo na ikafika. Wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja, ndiye aliyezidi. Akisikia mlango unafunguliwa jioni, husema kutoka jikoni:

"Wifi, paji limeshaingia. Wewe umebaki wapi?"

Mama Paji alicheka nao. Kicheko cha juu juu tu, maana paji hilo lilimkera tangu utoto.

Sasa alipokaribia kustaafu, ofisi ikasema siku ya kumuaga atapigwa picha, itundikwe ukutani pamoja na za matroni na waganga wakuu. Mfuaji hajawahi kutundikwa pale. Mama Paji akaapa: picha ndiyo, paji hapana. Atavaa kofia, tena ya maana.

Duka la kofia lilikuwa chumba chembamba, kofia zimepangwa mpaka darini, na kioo kirefu mlangoni. Muuza kofia, mama mnene asiye na haraka, alimkuta Mama Paji amejikalia kwenye kigoda, kioo kidogo mkononi, anajaribu moja yenye ukingo mpana kama sinia.

"Simama, dada. Kofia haichaguliwi umekaa. Watu watakuona mpaka miguuni."

Akasimama mbele ya kioo kirefu. Loo! Mfupi yule, ukingo umepita mabega, akawa uyoga mtupu. Akaicheka mwenyewe. Ya pili ilikuwa nyekundu, ikamfanya aonekane ana homa. Ya tatu ilikuwa ya buluu iliyoiva, ya kitambaa kizito, ukingo mdogo, utepe mweusi pembeni. Hiyo ilimkaa. Hata yeye aliona.

Ila aliivuta chini mpaka kwenye nyusi.

"Aa, dada, unafunika sufuria? Irudishe nyuma, uilaze upande kidogo. Hivi, kwa kidole kimoja. Paji lipate hewa."

"Paji langu nalijua mimi. Nimelala nalo miaka sitini."

"Haya. Kichwa chako."

Siku ya kuagwa akatoka na wifi yake, gauni limenyooshwa, kofia imeshuka mpaka nyusini. Njiani aliona viatu vya watu tu. Wifi alimshika mkono kwenye mitaro huku akijing'ata asicheke. Wakafika langoni. Mlinzi, ambaye kwa miaka tisa Mama Paji alimfulia koti lake la kazi, akanyoosha mkono kuwazuia.

"Shikamooni mama zangu. Mna mgonjwa wodi gani? Saa ya kuona wagonjwa bado."

"Marahaba. Mgonjwa gani? Mimi ni wa kufulia."

"Wa kufulia wote nawajua. Leo hawana kazi, wanamuaga Mama Paji."

"Si ndiye mimi!"

"Mama, usinitanie mchana wote huu. Mama Paji namtambua akiwa kule kona."

Wifi akashika nguzo ya lango asianguke kwa kicheko. "Mwonyeshe kitambulisho, wifi. Unacho hapo juu ya macho."

"Sionyeshi kitu."

Na kweli alisimama pale, mikono kiunoni. Mara ndani mfuaji mmoja akapaza sauti: "Jamani, Mama Paji yuko wapi? Mpiga picha anafunga mkoba wake!"

Hapo akilini akaiona ile picha ukutani, kofia na kidevu, na watu wakipita wanaulizana huyu mgeni ni nani. Miaka thelathini na moja ya mashuka, halafu atundikwe mtu asiyejulikana? Thubutu! Akaiinua kofia kwa kidole kimoja, akairudisha nyuma, akailaza upande wa kulia.

"Lahaula! Mama Paji!" Mlinzi akafungua lango lote, lile la gari. "Pita mama, nisamehe. Kumbe umependeza hivi!"

Picha ilitoka vizuri kuliko ya matroni, na hilo matroni mwenyewe alilisema. Buluu, utepe, na chini yake paji linang'aa, limeishikilia ile kofia kama rafu.

Wiki iliyofuata wifi alikuwa na harusi ya kwenda. Akaja kwa sauti laini. "Wifi yangu mpenzi, niazime ile kofia."

Mama Paji akamtazama usoni, akamzunguka taratibu kama muuza kofia.

"Haikufai. Wewe paji la kuikalisha unalo?"