Matone kwa Kila Jicho

Mama alianza kushtuka alipomwona bintiye akipangusa nyuzi ambazo hazipo. Binti alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na siku hiyo kitambaa cheupe kilikuwa mezani. Alipangusa, akapuliza, akapangusa tena.

"We, unapangusa nini hapo?"

"Si hizi nyuzi nyeusi, mama. Zimejaa tele!"

Kitambaa kilikuwa cheupe pe.

Wakaenda kliniki ya macho. Huko utaratibu ulikuwa mmoja: unasogea dirishani, mhudumu anakutupia jicho, anakukabidhi chupa ya matone, basi. Mama alitaka kueleza kwamba bintiye aliwekewa figo ya kaka yake, na tangu hapo anameza vidonge vya kushusha kinga ya mwili ili figo isikataliwe. Hakufika mbali.

"Mama, hapa ni macho. Mambo ya figo jengo lile pale."

"Lakini mwanangu..."

"Jicho halijawa hata jekundu! Huo ni uchovu wa cherehani. Mwingine!"

Matone yakaisha, nyuzi zikazidi. Asubuhi moja binti alijidunga kidole kwa sindano, akacheka. "Mama, jicho la kushoto limeshushiwa pazia."

Mama hakucheka. Alimkokota mpaka jengo la figo. Daktari wa huko aliposikia tu, alinyanyuka akawapeleka mwenyewe kwa bingwa wa macho, naye akamtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia ndani. Kumbe ni virusi. Mwenye kinga nzuri hukaa navyo maisha yake yote bila habari, lakini kwa binti vilikuwa vinakula utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga. La kushoto halitaona tena. La kulia limeguswa pembeni tu; dawa ikianza leo hii, litapona.

"Ugonjwa huu hauumi, na mara nyingi jicho haliwi jekundu," alisema bingwa. "Usipouliza, huujui."

Binti alipokwisha kutundikiwa dripu, Mama aliteremka hadi dirisha lile la matone.

"Mwanangu amepoteza jicho. Kwa nini hukumuuliza anakunywa dawa gani?"

"Pole sana, mama. Ila nikimuuliza kila mtu, foleni hii itaisha lini?"

"Isiishe! Kwani uliajiriwa kumaliza foleni au kutibu macho?"

Watu wakaguna. Mhudumu aliinamisha kichwa, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea. Ulinyoosha chupa kwa mzee mwembamba aliyefuata. Mama akaziba dirisha kwa kiganja.

"Huyu muulize kwanza."