Choo Kilichomngoja Mgeni Rasmi

Mwanamke aliyekuwa akifagia shule ile alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini watu walikwisha kulisahau, na yeye mwenyewe alilikumbuka siku za zahanati tu, anapoitwa dirishani. Watoto walimwita Bibi Mbona, watu wazima wakamwita Mama Mbona, na sababu haikuwa ya kutafutwa mbali. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza mbona haikunyesha wiki ile tulipopanda. Ukimwambia bwana harusi ni kijana mzuri, atakuuliza mbona mama yake mzazi hajacheka tangu asubuhi.

Mdomo huo ulimlisha na kumlinda. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja wakakaa barazani, wakamweleza kwa upole kwamba shamba lile ni kubwa mno kwa mwanamke peke yake, kwa hiyo wao kama ndugu wako tayari kumpunguzia mzigo.

"Mbona alipokuwa hai hamkuwahi kuja hata kumpunguzia magugu?" akawauliza.

Walimaliza chai yao, wakaaga. Shamba likabaki lake.

Hata kazi ya shule aliipata hivyo hivyo. Alikwenda kulalamika kwamba darasa la kwanza lina vumbi mpaka watoto wanarudi nyumbani wamepauka kama waliotoka kusaga unga. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mtu wa hasira za karibu, akamwambia kama vumbi linamuudhi basi alifagie mwenyewe. "Mbona sikatai?" akasema Mama Mbona. "Nianze lini, na mshahara ni tarehe ngapi?" Mwalimu yule alistaafu, akaja mwingine, na fagio likabaki mkononi mwa Mama Mbona.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo: safu mbili za madarasa zinazotazamana, ofisi katikati, uwanja wa mpira unaoteremka upande mmoja, hivi kwamba timu inayocheza kipindi cha kwanza kwenda bondeni hujiona hodari mpaka wabadilishane magoli. Mama Mbona alifika kabla umande haujakauka. Alinyunyiza maji sakafuni kwanza ili vumbi lisiamke, kisha akafagia kuanzia ubaoni kuelekea mlangoni. Vipande vya penseli alivyookota alivitia kwenye kopo, akawagawia wadogo waliokuja mikono mitupu.

Siku yenye watu wengi ilikuwa Ijumaa. Kabla ya watoto kuruhusiwa kwenda nyumbani, walipangwa mistari uwanjani, na mwalimu mkuu akasoma habari za wiki. Hapakuwa na gazeti lililofika kijiji kile, kwa hiyo wazazi nao walikuja wakaegemea ua wa miti kusikiliza. Walisikia mbuzi wa nani amepotea na wa nani ameonekana, mwalimu gani amejifungua salama, timu ya mpira wa pete imefungwa na nani na kwa nini mwamuzi alikuwa kipofu. Na kwa muda mrefu sasa, habari ya mwisho ilikuwa ile ile: choo kipya cha wasichana kitazinduliwa hivi karibuni.

Choo kile kilijengwa kwa jasho la watu. Wazazi walibeba mawe na mchanga, wafadhili wakatoa saruji na mabati, na fundi mwashi, aliyekuwa baba wa watoto wanne wa shule ile, akalainisha sakafu mpaka ukaweza kujiona. Vyumba vinne ndani, tangi la maji pembeni, mlango mmoja wa nje uliopakwa rangi ya bluu. Kilipokamilika, mwenyekiti wa kamati ya shule akasema kazi kubwa kama hii haiwezi kuanza kienyeji. Lazima aje mgeni rasmi kutoka wilayani akate utepe. Ukafungwa utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo, na kufuli kubwa likatiwa mlangoni.

Mgeni rasmi akaahidi, akaahirisha. Akaahidi tena, akaahirisha tena. Utepe ukapauka kwa jua ukawa rangi ya ufizi. Kila asubuhi Mama Mbona alipewa ufunguo ofisini, akapita chini ya utepe kwa kuinama, akasafisha choo ambacho hakuna aliyekichafua, akafunga, akarudisha ufunguo.

"Mbona naosha sahani ambayo hajala mtu?" alimuuliza mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ukiipata siri hiyo, Mama, uniambie na mimi," mwalimu yule akajibu.

Basi zikaja mvua, na ukuta wa choo cha zamani cha wasichana ukaanguka wote kwa mpigo. Likabaki shimo, magogo na gunia lililokuwa mlango. Cha wavulana kilisimama. Cha walimu kilikuwa na kufuli lake. Wasichana wakaambiwa wavumilie siku chache, na kuvumilia maana yake ilikuwa kuvuka uwanja mbele ya macho ya shule nzima kwenda vichakani, na wavulana wakipiga mbinja nyuma yao.

Mama Mbona alikuwa akiishi na mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, ambaye mama yake alikuwa mjini kikazi. Bibi na mjukuu walitaniana kama kawaida ya bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia asubuhi moja, "mbona chai huigusi siku hizi? Au umesikia nataka kukuwekea sumu nibaki na shamba la bwana peke yangu?"

"Sina kiu, Bibi."

Kesho yake hakuwa na kiu tena. Na keshokutwa. Wiki iliyofuata alirudi kutoka shule ameinama, ameshika tumbo chini ya kitovu, machozi yanamtoka bila sauti. Bibi akamshika mkono mpaka zahanati. Muuguzi alimpima, akamuuliza maswali, kisha akamgeukia bibi.

"Huyu mtoto anakunywa maji?"

"Mbona nyumbani mtungi umejaa?"

"Muulize yeye."

Msichana akatazama vidole vyake vya miguu. Ndipo akasema kwamba hawanywi, yeye na wenzake wote wa madarasa ya juu. Tangu asubuhi hawatii kitu kinywani mpaka warudi nyumbani, ili wasije wakabanwa wakiwa shuleni. Na wakibanwa, wanajizuia.

Mama Mbona hakuuliza mbona. Muuguzi alisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi yake akabisha hodi ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa akinoa penseli, mwalimu wa darasa la kwanza akisahihisha madaftari pembeni.

"Karibu, Mama. Keti."

"Sikai. Mjukuu wangu anaumwa ugonjwa wa mkojo."

Mwalimu mkuu akaweka penseli chini. "Pole sana, Mama. Ulimwanza lini?"

"Ulimwanza ukuta ulipoanguka. Mbona choo kipo na watoto wanakwenda vichakani?"

"Hilo tumeshalizungumza. Mgeni rasmi atakuja mwezi huu."

"Mwezi uliopita ulisema mwezi huu."

"Alipata dharura."

"Wasichana nao wana dharura, Mwalimu. Tena yao ni ya kila siku."

Mwalimu wa darasa la kwanza akakohoa ndani ya daftari la mtoto.

"Mama, nielewe," mwalimu mkuu akasema. "Kamati imeamua. Mgeni hawezi kuzindua choo ambacho kimekwisha kutumika. Itakuwa aibu."

"Kwani anakuja kukitumia yeye wa kwanza? Mbona sikukuu ikichelewa, mtoto hatembei uchi akingoja nguo mpya?"

"Mimi nina wakubwa wangu. Nikifungua bila ruhusa, kesho napigiwa simu."

Hakuwa mtu mbaya yule mwalimu. Alikuwa mtu anayeogopa simu. Mama Mbona akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu iko nje.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Hapa wenyeji wanaugua kwa kumngoja mgeni. Haya, nipe ufunguo nikasafishe sahani yako."

Ilikuwa Ijumaa. Siku ile Mama Mbona hakurudisha ufunguo, na kwa kuwa hakuwahi kutourudisha, hakuna aliyeukumbuka.

Jioni mistari ikapangwa. Wazazi wakaegemea ua. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha ofisi kilichotolewa nje kwa ajili yake. Mwalimu mkuu akasoma habari: ndama mwekundu ameonekana karibu na kisima, mwenye naye ajitokeze; darasa la tano limeshinda usafi; mwanafunzi aliyevunjika mkono anaendelea vizuri na anaombwa asipande tena juu ya paa.

"Na mwisho," akasema, akishusha sauti, "mgeni rasmi ameahirisha tena, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Habari zimekwisha."

"Hazijakwisha," sauti ikatoka nyuma ya darasa la saba. "Mbona yangu haijasomwa?"

Kicheko kikapita kwenye ua. Mama Mbona alikuwa akikata mistari kuja mbele, ndoo mkono mmoja, fagio mwingine.

"Mama, tafadhali," mwalimu mkuu akasema. "Utaisema ofisini."

"Ofisini nimeshaisema asubuhi." Akaweka ndoo chini, akawageukia wazazi. "Habari yangu ni fupi. Wasichana wa shule hii hawanywi maji. Wanashinda koo kavu kutwa nzima ili wasiende vichakani kuzomewa. Wangu yuko kitandani na dawa. Wewe mama uliyebeba mtoto mgongoni, wako yuko darasa la sita, muulize leo amekunywa nini. Na wewe fundi, uliyekijenga choo hiki kwa mikono yako, umezaa mabinti wawili. Waulize."

Kicheko kilikuwa kimekatika. Fundi alikuwa ameacha kuegemea ua, amesimama wima.

Mama Mbona hakungoja jibu. Akavuka uwanja mpaka kwenye choo kipya. Hakuukata utepe. Aliufungua fundo upande huu, akaufungua upande ule, akaukunja vizuri kama mtu anayekunja kanga ya kutokea, akarudi akauweka mapajani mwa mwenyekiti.

"Utepe wako huu hapa, mzima. Akija mgeni wako, mfungie aukate mpaka achoke."

Kisha akarudi, akafungua kufuli, akasukuma mlango wa bluu mpaka ukagonga ukuta. Akaliinua kufuli juu watu walione, ufunguo ukining'inia ndani yake, akatembea hadi kwenye shimo la choo cha zamani. Akaliachia. Uwanja mzima ukasikia: chubwi!

"Anayelitaka," akasema, "alifuate."

Mwenyekiti akasimama, utepe ukaanguka miguuni. "Mama! Umejifukuza kazi!"

"Mbona unasema kwa sauti ndogo? Wale wa nyuma hawajasikia."

"Nimesema huna kazi!"

"Sasa wamesikia."

Hakuna aliyesogea. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, ndani sakafu ikimeta, na wasichana wote wakiutazama kama mtu anavyotazama mto asioujua kina. Ingewezekana kabisa mambo yakaishia hapo, watoto wakatawanyika, na Jumatatu likanunuliwa kufuli jingine. Lakini msichana mmoja wa darasa la saba, mrefu, binti mkubwa wa fundi, akatoka kwenye mstari. Hakukimbia. Alitembea kichwa juu, mbele ya walimu, mbele ya mwenyekiti, akaingia, akafunga mlango wa chumba cha kwanza. Wavulana wakaanza kupiga mbinja.

"Atakayepiga nyingine nampunguza meno!" akapaza sauti mama mwenye mtoto mgongoni, naye alikuwa amekwisha kuuruka ua.

Mbinja zikakoma. Akatoka msichana wa pili, wa tatu, kisha mstari wote ukavunjika na kujipanga upya mlangoni.

Jumamosi na Jumapili kijiji hakikuwa na habari nyingine. Wapo waliosema Mama Mbona amezidi, mkubwa ni mkubwa hata akikosea. Wapo waliosema amechelewa. Shemeji mmoja alipita barazani kumpa pole ya kazi, akaulizwa mbona pole yake inatabasamu.

Jumatatu, kabla umande haujakauka, Mama Mbona alikuja shuleni na ndoo yake. Mjukuu alikuja naye, bado anatembea polepole. Walimkuta mwalimu mkuu amesimama mbele ya mlango wa bluu. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, funguo zake bado zimefungwa kwa kamba ya dukani. Nyuma yake wasichana kadhaa walishafika mapema na kupanga foleni.

"Mama," akasema, "si uliambiwa huna kazi?"

"Niliambiwa."

"Sasa umefuata nini?"

"Choo kimetumika. Kinataka kuoshwa. Au utaosha wewe?"

"Kamati haitakulipa."

"Hiyo nitaizungumza na kamati, tena kwa sauti. Na leo hatuzungumzi habari ya kulipwa."

Mwalimu mkuu akageuza kufuli mkononi. "Mwenyekiti amenunua hili jana. Ameniagiza lifungwe kabla ya kengele. Nitamwambia nini? Na wilayani wakipiga simu, niwaambie nini?"

"Waambie wasichana walibanwa." Ndoo ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yakimwagikia miguu yake. "Sisi tuko hapa, Mwalimu. Ukitaka kufunga, funga tukikuona. Hutaki kufunga, sogea. Ndoo ni nzito."

Mwalimu mkuu aliwatazama wasichana waliokuwa kwenye foleni. Hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho, na labda ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona hivyo. Akatia kufuli mfuko wa koti.

Akasogea.

Mama Mbona akapita, akamwaga maji sakafuni, akaanza kusugua.