Mama wa Mashine ya Unga

Nilipoajiriwa katika taasisi ya utafiti pale mjini, mama yangu aliwaambia wenzake kanisani kwamba natengeneza kompyuta. Nikamsahihisha: natengeneza vihisi, vifaa vidogo vinavyohisi joto au mtetemo kisha vikatuma habari. Akauliza ni vidogo kiasi gani. Nikamwambia punje ya mchele ni kubwa kuliko kile tulichokuwa tukishughulikia wiki ile. Hakuwaambia tena wenzake chochote.

Kazi yetu ilikuwa kuvitoa vihisi hivyo maabara na kuvipeleka viwandani, ili mashine iseme inaumwa kabla haijafa. Kiwanda cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa cha mikate, kidogo tu, huko mtaa wa Satellite, Nairobi. Nilikipata kwa sababu naishi Kabiria, mtaa wa jirani, na ningeweza kufika kwa miguu. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Pale palikuwa na mashine moja ya kukanda unga, kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa tayari imezeekea kwingine. Aliyeiendesha alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyekuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana. Alianza kwa kufagia kiwandani humo, na sasa hakuna mtu aliyethubutu kuigusa mashine ile asipokuwepo. Nilipokuwa nikibandika kisanduku changu chenye kihisi kwenye mguu wa mashine, alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Sasa hiyo kitu itanifuta kazi?"

"Hapana, mama. Inasikiliza mashine tu."

"Na mimi hapa huwa nafanya nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya wiki mbili, grafu zilianza kunitia hofu. Kila asubuhi mstari wa mtetemo ulikuwa na kigongo cha ajabu, kama moyo unaoruka pigo. Niliandika kwamba beringi, zile gololi zinazobeba mhimili, inakufa. Mwenye kiwanda akasimamisha kazi, fundi akafungua kila kitu, na beringi ikatoka safi kabisa. Mikate ilichelewa siku hiyo, na maduka yakachukua kwingine. Mwenye kiwanda hakunigombeza. Alirudi kuhesabu mikate iliyobaki, na heri angenigombeza.

"Si ungeniuliza," yule mama wa mashine aliniambia, akifuta unga mikononi.

Kesho yake nilikwenda nikakaa kwenye debe lililofunikwa, asubuhi nzima, nikimtazama. Alimimina unga na maji, akawasha, akashika chuma cha pembeni kungojea. Kisha nikauona mguu wake wa kulia. Kisigino kilikuwa kinapiga kitako cha mashine, tu, tu-tu, tu, na midomo yake inaimba wimbo wa kanisa bila sauti.

"Mama! Ni mguu wako!"

Aliutazama ule mguu kana kwamba umeshikwa ukiiba. "Kwani mimi huimba?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kila siku!" akasema mmoja wa waokaji. "Na ukifika kwa kiitikio unapiga hata na mkono."

Aliona haya, nami nikaona haya kumshinda, maana ilibidi nikamwambie mkuu wangu kwamba chombo chetu kimeugua wimbo wa kanisa. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Nilirudi, nikakihamisha kisanduku juu karibu na mota, na nikakifundisha kupuuza kila mtetemo wa polepole unaofanana na ule mguu. Nilijiona mjanja sana.

Miezi michache baadaye yule mama alinipigia simu, akiniita mami kama anavyowaita wasichana wa umri wangu.

"Mami, kuja. Hii mashine iko na shida."

Nilitazama grafu nikiwa bado kazini. Ilikuwa imenyooka. Nilitaka kumwambia hakuna kitu, lakini nikakumbuka aliponiambia kwamba ningemuuliza kwanza. Nilipofika, niliweka kiganja pale anapoweka mguu. Sikuhisi kitu.

"Vua kiatu," akasema.

Nikavua, nikakanyaga kitako cha mashine kwa soksi. Nikahisi kitu chembamba sana, kama mchanga katika mboga isiyooshwa vizuri. Safari hii fundi alipofungua, beringi ilikuwa imeanza kulika.

Nilirudi maabara nikapekua rekodi zote. Ugonjwa ulikuwapo tangu siku nne nyuma, na ni mimi niliyeamuru upuuzwe. Niliufungia nje pamoja na mguu wake.

Ndipo tulipoanza kufanya kazi pamoja kwelikweli. Nilimtengenezea kitufe chekundu kando ya swichi. Kila akihisi mashine imebadilika, alikibonyeza kisha akanieleza: leo inaburura, leo ina kiu ya grisi, leo ina hasira tu, itapoa. Nilichukua maneno yake nikayalinganisha na mitetemo ya saa ileile, na kidogo kidogo kisanduku kikaanza kujua alichojua. Katika ripoti tulimwita "mwendeshaji mzoefu." Mimi ningeandika mwalimu, lakini mkuu wangu alisema ripoti zina lugha yake.

Desemba ilipokaribia aliniita pembeni.

"Niambie ukweli. Hiyo kitu yako inaweza kukaa na mashine wiki tatu?"

Ndipo nikajua kwamba tangu aanze kuiendesha hajawahi kukaa kwao zaidi ya siku mbili, tena wakati wa mazishi. Kila akiomba likizo aliulizwa nani ataisikiliza mashine. Nilimwambia inaweza. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kisha sikutulia tangu siku aliyosafiri.

Siku ya nane simu yangu ilipokea tahadhari. Niliondoka nyumbani mbio, nikampitia fundi, na tulipofika tukakuta mkanda wa mota umelegea. Ulikazwa kabla unga wa pili haujamiminwa. Nikampigia yule mama huko kwao. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku na watoto wengi.

"Mashine imekufa?"

"Haijafa. Mkanda ulilegea, tumekaza."

"Nani aliwaambia?"

"Ilisema yenyewe, mama."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa kando yake, kwa sauti ya majivuno, "Ni kazini. Wanasema mambo iko sawa." Akanirudia. "Asante, msichana wangu. Basi wacha nimalize kuchuma kunde."

Akakata simu. Wiki tatu zilipokwisha, aliongeza ya nne bila kumuuliza mtu yeyote.