Maneno Niliyomficha Mama

Mkono wa kulia wa mama ulinuka samli. Kila asubuhi, kabla ukungu wa msitu wa Ngorongoro haujainuka kutoka mashambani kwetu Rhotia, aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akachota samli kwa mkono wa kushoto na kuupaka ule wa kulia kuanzia kiganjani hadi begani. Ulikuwa umevimba hata ngozi ikang'aa. Ukiubonyeza, kidole kiliacha shimo, na shimo hilo lilikaa muda wa kutosha mimi na mdogo wangu Martina kuhesabu mpaka ishirini. Tuliufanya mchezo, na mama alituacha, akicheka tulipogombania zamu. Bangili zake za shaba zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, na magauni yake yote yalipasuliwa mkono mmoja ili aweze kuvaa. Majirani waliuita ugonjwa ule matende. Mmoja wao, mama mnene mwenye masihara, alipenda kumtania: "Huo ni ugonjwa wa watu wa Pwani. Umeupatia wapi wewe ambaye hujafika hata Mto wa Mbu?" Mama alimjibu kwamba uliletwa na magari ya watalii, pamoja na vumbi.

Kwa kweli ulitokana na matibabu. Miaka miwili kabla ya hapo, katikati ya miaka ya sabini, mama alikatwa titi la kulia katika hospitali ya misheni kwa sababu ya saratani, na pamoja nalo zikatolewa tezi za kwapani. Kidonda kilipona vizuri, tukatoa shukrani kanisani, baba akachinja kondoo. Baada ya mwaka mmoja mkono ukaanza kujaa. Kwanza ilikuwa jioni tu, baada ya kazi, na akilala unapungua. Kisha haukupungua tena. Ulikuwa mzito kama debe la maji, akawa anautembeza umefungwa kwa kitenge shingoni. Mara kwa mara ulipata joto, ukawa mwekundu, na mama alitetemeka kwa homa siku tatu au nne. Hakuweza kushika jembe wala kufunga mzigo wa kuni, na kukamua ng'ombe kwa mkono mmoja kulimchukua asubuhi nzima. Kazi zikanijia mimi, ingawa nilikuwa mvulana. Martina alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu, darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa ameshamwambia baba kwamba katika darasa letu, kama kuna mtoto mmoja wa kuchaguliwa kwenda sekondari, ni mimi.

Baba hakuwa mtu mkali. Alilisema jambo lile siku tunapura maharage, bila kunitazama, fimbo ikiwa mkononi.

"Uchaguliwe, usichaguliwe, huendi popote mama yako akiwa hivi. Nani atakamua? Unataka nikamue mimi, wanaume wenzangu wanicheke?"

"Martina atakua, baba."

"Basi msubiri akue."

Nakumbuka harufu ya maganda makavu ya maharage na vumbi lake lililowasha kooni. Nakumbuka pia kwamba tangu siku ile niliutazama mkono wa mama kwa namna nyingine. Zamani niliuonea huruma. Sasa niliuchukia, kwa kuwa ulikuwa umenishika mimi. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo, lakini nikisema leo kwamba nilichofanya baadaye nilikifanya kwa kumpenda mama tu, nitakuwa nadanganya tena.

Kiangazi kilipoanza, ilitangazwa kanisani kwamba daktari mgeni wa upasuaji angekaa hospitalini wiki chache, na watu wenye uvimbe waende wakaonwe. Baba alibaki na mifugo. Nilimpeleka mama mimi. Yeye alijua Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili chake kilitosha kununulia chumvi dukani, si zaidi. Daktari alikuwa mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kujifunza vitabuni, cha polepole, kila neno likisimama peke yake. Muuguzi aliyejua Kiiraqw alikuwa ameitwa wodi ya wazazi. Daktari aliuliza kama nasoma, nikamwambia darasa la saba. Akasema, "Vizuri. Wewe utakuwa mdomo wangu." Sijawahi kujiona mkubwa kama nilivyojiona wakati ule.

Aliupima mkono kwa utepe, kisha akachukua karatasi na kuchora. Alieleza kwamba mwili una maji yanayopita kwapani kwenye mifereji midogo, na mifereji ile ilikatwa pamoja na tezi. "Siwezi kuirudisha," alisema. "Hakuna mtu anaweza. Mimi nitafungua mkono, nitatoa nyama laini iliyovimba chini ya ngozi. Ngozi ya mkono haitatosha, kwa hiyo nitachukua ngozi ya paja, nitafunika. Mkono utakuwa mwembamba. Lakini utakuwa mbaya kutazama, na hautakuwa kama mkono mwingine. Vidole labda havitakunja. Kidonda labda kitachelewa sana kupona. Na labda utavimba tena. Mwambie yote. Asipotaka, si kosa. Tutamfundisha kufunga bandeji na kuuinua mkono, ataishi nao."

Nilielewa kila neno. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Wengine wakisikia habari hii watanitetea kwamba nilikuwa mtoto, kwamba Kiswahili cha daktari kilikuwa kibovu. Nilielewa vizuri sana, na nilimwelewa mama pia. Nilijua kwamba akisikia habari ya paja atasimama, ajifunge kitenge chake, na turudi Rhotia, na mimi nirudi zizini. Nikageuka, nikamwambia kwa Kiiraqw, "Anasema atautoa uvimbe wote. Utalima."

Mama alimtazama daktari, akanitazama mimi. "Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Wazungu huzunguka sana, mama."

Alicheka, na daktari naye akatabasamu kwa kumwona anacheka. "Basi mwambie akate," mama alisema. "Na mwambie akitaka anipe mkono wa kijana, sitakataa."

"Amesema nini?" daktari aliuliza. "Anaogopa?"

"Amekubali."

"Umemwambia habari ya ngozi ya paja?"

"Ndiyo."

Mama alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa. Alitumia gumba la mkono mgonjwa, ambalo lilikuwa limevimba hata alama ikatoka kubwa bila mistari, doa tu la wino.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa ndipo fahamu zake zilipomrudia sawasawa. Mkono ulikuwa umening'inizwa kwenye nguzo ya chuma, umefungwa mpaka begani. Hakuushangaa. Alichokishangaa ni paja. Alilipapasa chini ya shuka, akakuta bandeji, akajaribu kujigeuza, na sauti aliyoitoa iliwaamsha wagonjwa wote waliokuwa wamelala mchana ule.

"Nilikuja na ugonjwa wa mkono," alisema. "Mbona wamenichuna paja kama mbuzi?"

Nilimrudishia shuka.

"Walikuambia?"

Nikasema hawakuniambia.

Yule muuguzi aliyejua Kiiraqw alisikia, akaja kitandani. Alisema kwa upole kwamba daktari hafanyi hivyo, kwamba imeandikwa kuwa mgonjwa alielezwa yote. Mama alimjibu, "Mwanangu ndiye aliyekuwa akisikiliza. Mwanangu hadanganyi." Muuguzi alinitazama kwa muda. Nadhani alijua. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi, na kitanda cha jirani kilikuwa kikimwita. Akaondoka. Kama angeniuliza mara moja tu, labda ningesema. Nimeitafuta hiyo labda kwa miaka mingi, na naona aibu kwamba hata hapo namtupia mzigo mtu mwingine.

Mama alitakiwa kukaa wiki sita. Alikaa tatu. Hakuzungumza tena na mtu yeyote wa koti jeupe, na daktari alipokuja kumwona aligeuza uso kuelekea ukutani. Siku moja daktari alisimama pale na karatasi yake, akaniuliza mimi, "Kwa nini ana hasira?" Nikasema ni maumivu. Alipofungua bandeji niliuona mkono. Ulikuwa umepungua kweli, kama alivyoahidi, na ulikuwa na mabaka na matuta kama gome la mti uliochomwa. Kiganja kilibaki kimevimba kule mwisho, vidole vimenyooka. Mama aliutazama mara moja, akaomba kitenge aufunike. Wiki hiyohiyo alimtuma mtu amwite baba aje amchukue. Sehemu mbili za ngozi ile ya kupandikizwa zilikuwa bado zinatoa maji, na ziliendelea kutoa nyumbani miezi mingi. Hakuna aliyeuinua mkono wala kuufunga bandeji. Mpaka mvua zinaanza, ulikuwa umeshaanza kujaa tena chini ya ngozi ile ngumu.

Nilichaguliwa. Baba, baada ya fedheha ile ya hospitali, hakuwa na moyo wa kumnyima mama jambo jingine, na mama alitaka niende. Alinisindikiza mpaka barabarani, sanduku langu la bati kichwani pake, akilishikilia kwa mkono wa kushoto. Aliwaambia wanawake waliokuwa wakisubiri gari kwamba anayeondoka ni yule mwanawe aliyekaa naye hospitalini, mtu pekee aliyemwambia ukweli. Nilipanda gari.

Nikiwa kidato cha tatu, ilipoanza miaka ya themanini, uvimbe ulitokea kwenye titi la pili. Baba alimsihi, padri alimsihi. Jibu lake lilikuwa moja: "Walishanidanganya mara moja. Wakinikata hili watachuna wapi tena?" Niliporudi likizo nilikaa naye siku ishirini na tano. Kila siku niliamka nikiwa na maneno mdomoni. Alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne, na katika mazishi nilimsikia baba akiwaeleza wageni jinsi yule mzungu alivyomlaghai mkewe. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni uchungu wa kufiwa.

Ukoo wetu umelitunza simulizi lile. Wajukuu ambao hawakumwona mama wanajua habari ya daktari aliyemchuna mwanamke paja kwa siri. Mimi, niliyestaafu ukarani na kusoma kuliko wote, nimekaa kwenye vikao vya familia wakati linasimuliwa, na nimelisikiliza mpaka mwisho. Mwaka jana Martina, aliyeolewa kijiji cha Buger na sasa ni mjane, alinionyesha uvimbe chini ya titi aliokuwa ameuficha zaidi ya mwaka. Siku hizi barabara ni ya lami. Mjini Karatu wako madaktari vijana, wengine watoto wetu wenyewe, wanaomweleza mgonjwa kwa lugha yake na kumwuliza tena kama ameelewa. Hata kwa mikono ya namna ile ya mama, nimesikia, kuna nchi ambako daktari hutazama kwa darubini na kuunganisha mifereji myembamba kuliko uzi. Nilimwambia Martina hayo. Akanijibu kwamba sisi na hospitali tunajuana. Ndipo nilipomwambia lile jingine, lote, tangu maganda ya maharage hadi wodini, huku yeye anachambua mbegu kwenye ungo.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kidogo, halafu akasema, "Miaka yote hii nimemchukia yule mzungu, kaka. Sasa nimchukie nani?"

"Mimi."

"Wewe siwezi. Nimebaki na wewe tu."

Nikamwuliza kama kesho yake tungekwenda Karatu, nimsindikize, nikae nje kabisa wakati anaongea na daktari. Akasema kesho ni siku ya mnada. Wiki iliyofuata alisema kuna palizi. Uvimbe umeshapasuka sasa, na mimi huenda Buger kila baada ya siku moja kuuosha kwa maji ya chumvi. Akiniuliza unaonekanaje, namwambia kama ulivyo, na yeye huitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameamini.