Bi Husahau: Muuza unga wa kumbukumbu aliyeanza kusahau

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba cha nyuma kinanukia ufuta. Bi Husahau amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, kichwa amekilaza upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri. Na kweli anasikiliza. Ufuta ukianza kutatarika, ni wakati wa kuutoa motoni. Ukinyamaza tena, umeshaungua.

Mezani yamepangwa mabakuli: mbegu za maboga, ufuta, majani makavu ya mlonge, manjano, uwatu, na pilipili manga kidogo. Binti yake ameketi upande wa pili, chekecheo mapajani.

"Uwatu nimetia!" anatangaza Bi Husahau, akimimina kwenye beseni.

"Umetia!" anaitikia binti.

Bakuli likishamiminwa hulazwa kifudifudi. Linafuata jingine, na tangazo lake, na kiitikio chake. Katika chumba hiki hakuna kumimina kimyakimya.

"Mpita njia akitusikia atadhani tunagombana," anasema akicheka, mikono ya njano hadi vifundoni. "Lakini ndivyo tunavyofanya kazi siku hizi. Mdomo unasema, sikio linasikia, bakuli linalala. Kichwa peke yake sikiachii tena mzigo wote."

Si maneno unayoyatarajia kutoka kwa mwanamke anayeuza unga wa kumbukumbu.

Ana miaka sitini na saba. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo aliitumia katika jiko la shule ya bweni, akikoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Huko ndiko alikoanza kuchanganya mbegu za kusaga kwenye uji wa wanafunzi msimu wa mitihani.

"Sikuwa daktari, nilikuwa mpishi," anasema. "Ila niliona jambo moja. Mtoto mwenye njaa hulisahau hata jina la baba yake. Akishiba vizuri, analikumbuka, na la babu analiongeza."

Alipostaafu, wazazi walimfuata nyumbani. Wanafunzi wakaleta wazazi, wazazi wakaleta wazee wao. Mashine ndogo ya kusaga ikanunuliwa, makopo yakatafutwa, na jirani yao mchora mabango akaombwa abuni jina.

Jirani alifikiri siku nzima, kisha akaandika kwa herufi nyekundu: HUSAHAU.

"Nilimaanisha wewe husahau, yaani ukinywa huu, husahau kitu," anajitetea mchoraji huyo, mzee mchangamfu mwenye rangi kwenye nyusi. "Sasa nimekosea wapi? Watu wenyewe ndio wana midomo!"

Watu walisoma upande wa pili. Yule husahau. Anayekunywa huu husahau. Walicheka hadi wakanunua, na kopo likampa mwenye kazi jina ambalo hajaweza kulivua.

Kopo moja ni bei ya mikate miwili. Wiki nzuri aliuza makopo arobaini, na hayo yalilipa kodi ya vyumba viwili, umeme wa mashine, na vidonge vyake vya kisukari anavyotumia kwa miaka mingi.

Kisha, mwaka jana, mambo yakaanza kulegea.

Alianza kuchoka bila kazi. Miguu ikawa inakufa ganzi, naye akailaumu sakafu. Alimsalimu mteja, akageuka kuchukua kopo, akarudi akamsalimu upya kwa furaha ileile. Ulimi ukawa unamwaka kama amelamba pilipili, na vyakula vyote vikawa na ladha moja, ladha ya karatasi.

Hakumwambia mtu. Alifanya kile ambacho angemshauri mteja yeyote: alikunywa unga wake. Asubuhi uji, jioni uji. Nyama ilikuwa imeshamshinda kwa sababu ya meno, mayai akayaona ya nini, maziwa akayaacha.

"Nilijiambia, dawa ninayo ndani ya nyumba, nihangaike na nini?"

Ndipo siku moja mchora mabango alipobisha mlango wa nyuma, kopo limefichwa chini ya shati.

"Jirani," alinong'ona, "unga wa safari hii unamkumbusha mtu dhambi zake zote."

"Una nini?"

"Mchungu! Mke wangu kaonja kijiko kimoja, kaniomba msamaha wa mambo ambayo sikuyajua."

Bi Husahau alichovya kidole, akaonja, akasema unga uko sawa. Binti yake akaonja, akakimbilia dirishani kutema. Uwatu ulikuwa umetiwa mara mbili, pengine mara tatu. Mwenye kutia hakukumbuka, na ulimi wake haukumwambia.

Hadi leo, jambo la kwanza analomshukuru jirani yake ni mlango aliouchagua. "Angeweza kulisema sokoni, watu wakacheka wiki nzima," anasema. "Yeye alilileta nyuma, kwa kunong'ona. Huyo si jirani, huyo ni ndugu."

Sokoni lilifika hata hivyo, maana binti alilazimika kuzunguka akiyarudisha makopo yaliyokwisha kuuzwa. Muuza nyanya mmoja alimaliza mchezo kwa sentensi mbili: "Mganga hajigangi! Kauza kumbukumbu za watu wote, ya kwake hakubakisha."

Siku hiyo binti alikifunga chumba cha kusagia, akatia ufunguo mfukoni. Kusaga, alimwambia mama yake, basi.

"Nilidhani namlinda," anasema sasa, macho kwenye chekecheo. "Niliogopa atatia kitu kibaya, au ataacha moto. Sikujua kwamba kumfungia mama kazi yake ni kumfungia na yeye mwenyewe nje."

Mama yake anaongeza lake. "Nilikaa sebuleni kwangu kama mgeni aliyekuja kusubiri mtu. Namsubiri nani, sijui. Nilijiuliza, kama sikumbuki nilichotia, na siruhusiwi kutia, basi mimi ni nani hapa?"

Walikwenda kliniki kwa ajili ya miguu. Kichwa hawakukitaja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameshakihukumu. Uzee, walisema. Uzee hauna daktari.

Muuguzi aliyewapokea ni mwanamke mwenye sauti ya chini na haraka kidogo. Aliuliza maswali ya miguu, kisha akauliza kama kuna kingine. Binti alimwinamia ili mama aliyeketi benchi la nyuma asisikie.

"Mama husahau," alisema.

Lakini masikio ya Bi Husahau hayakuwa na ugonjwa wowote. Alilisikia lile neno, naye akalisikia kwa upande alioutamani. Uso ukamchangamka kama wa mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

"Asante mwanangu," alisema. "Hata mimi nawaambia hivyohivyo. Sisahau."

Binti hakuweza kumsahihisha. Aligeukia ukutani, akajifanya anasoma tangazo la chanjo. Muuguzi, aliyelielewa neno kwa pande zote mbili, aliiweka kalamu chini na kuacha haraka yake yote.

"Mama, hebu niambie," alisema, akivuta kiti karibu. "Unakula nini?"

Ndilo swali lililobadilisha kila kitu. Alitaja uji wa asubuhi na uji wa jioni, kwa majivuno ya mtu anayetangaza bidhaa. Akataja vidonge vya kisukari. Akautoa ulimi alipoombwa, mwekundu na laini kama kigae. Damu ikachukuliwa, daktari akaitazama, na majibu yakarudi yakisema kwamba vitamini B12 ilikuwa imeshuka vibaya mwilini mwake.

"Nilimweleza kwamba unga wake ni chakula kizuri," anakumbuka muuguzi. "Lakini vitamini hiyo haipatikani kwenye majani na mbegu. Tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Na baadhi ya dawa za kisukari, zikitumiwa miaka mingi, huweza kuipunguza. Ikikosekana, mtu huchoka, hufa ganzi, na wengine husahau."

Bi Husahau hakukubali kirahisi.

"Hata mlonge hauna?"

"Hata mlonge, Mama."

"Na ufuta?"

"Mama."

"Mbegu za maboga je? Maana zile nazikaanga mwenyewe."

Muuguzi anacheka akisimulia, lakini hapa huongeza jambo moja, na anataka liandikwe. Kusahau kuna sababu nyingi. Nyingine hutibika, nyingine hazirudi nyuma. Siku ile hakumwahidi mgonjwa wake kupona. Alimwahidi sindano, na kwamba watatazama pamoja.

Miguu ilikuwa ya kwanza kurudi. Kisha uchovu ukapungua. Kichwa kilichelewa, na kwa wiki kadhaa binti alikuwa akimchungulia mama yake kama mtu anayechungulia sufuria isiyotaka kuchemka.

Mpaka asubuhi moja Bi Husahau alipopiga funda la chai, akakunja uso, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Nani kachemshia chai kwenye sufuria ya vitunguu?"

Ilikuwa kweli. Binti alikuwa ameisuuza sufuria haraka haraka. "Nilicheka huku nalia," anasema. "Kugombezwa kwa vitunguu! Nikajua mama amerudi nyumbani."

Ufunguo ulitoka mfukoni siku hiyohiyo. Ila muuguzi alikuwa ameshawashauri: msikiachie kichwa kilichougua kibebe mzigo peke yake. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kutangaza na kuitikia, na mabakuli ya kulala kifudifudi. Unga wa kwanza baada ya kimya kirefu alipelekewa mchora mabango, naye aliuonja mbele ya watu wote sokoni, makusudi, kwa sauti.

"Jirani, dhambi zangu nimezisahau zote!"

Muuza nyanya alinunua makopo mawili. Hakuomba radhi, lakini hakuomba kupunguziwa bei pia, na Bi Husahau anasema kwa mwanamke yule hiyo ni toba tosha.

Biashara imerudi, ingawa si kama zamani. Sasa huuza makopo ishirini na tano kwa wiki, na sababu ni yeye mwenyewe. Hamuuzii mtu kabla hajamhoji. Anatumia dawa gani za hospitali? Daktari anajua? Anakula nini kingine? Ni nani anayesahau, na tangu lini? Akisikia habari za mzee aliyebadilika ghafla, hulirudisha kopo kwenye rafu na kuonyesha kwa kidole njia ya kliniki.

Asubuhi hii hii, mbele ya mwandishi, mwanamume amekuja kumnunulia baba yake makopo matatu. Ameondoka bila hata moja.

"Mimi nauza chakula," Bi Husahau anamweleza. "Baba akapimwe kwanza. Akija na majibu, na daktari akasema anaweza kuutumia, nitampikia mwenyewe."

"Lakini watu wanasema unga wako unatibu!"

"Watu hao wana midomo, mwanangu. Mimi nina unga tu."

Binti anaguna mteja anapotokomea. "Mama, hiyo ilikuwa kodi ya nyumba inaondoka."

"Iache iende. Nikimuuzia kopo badala ya kipimo, nimemwibia wakati wa baba yake. Wangu mimi kuna watu waliniokolea." Anawahesabu bila kuangalia vidole: jirani aliyepita mlango wa nyuma, muuguzi aliyevuta kiti, binti aliyekubali kuurudisha ufunguo. Kila mwezi akienda kuchomwa sindano, anasema, husimama kwanza nje ya lango la kliniki na kushukuru, "kwa sababu nikiingia ndani nitaona sindano, na shukrani itapungua."

Hajidanganyi kuhusu kesho. Muuguzi amemwambia kwamba umri ni umri, na hakuna anayejua kumbukumbu yake itasimama imara mpaka lini. Kwa hiyo ana mpango, na mpango huo ameketi mbele yake.

"Mikono yake najua inaweza," anasema akimwelekezea binti yake kidevu. "Ninachotaka kumwachia ni ulimi. Ulimi wa mpishi haurithiwi, unafundishwa. Nimemwambia, siku ikifika nimesahau kweli, nataka wewe ukumbuke ladha yangu."

Mabakuli yote yamelala. Mashine imezimwa. Bi Husahau anachota unga kwa ncha ya kijiko na kumsogezea binti yake mdomoni.

"Fumba macho. Sema."

Binti anafumba. Anautembeza unga ulimini. Muda unapita, nje mtu anaburuta mkokoteni.

"Ufuta uko sawa," anasema taratibu. "Manjano iko sawa. Mlonge..." Anasita. Anafumbua jicho moja. "Mama, mlonge umezidi."

"Hauwezi kuzidi. Nimetia mwenyewe, ukaitikia mwenyewe."

"Niliitikia kutia, sikuitikia kiasi. Umezidi."

Bi Husahau anachukua kijiko. Anaonja. Anaonja tena, na safari hii ni yeye anayefumba macho. Anapoyafumbua yana maji, lakini uso umemchanua.

"Umezidi," anakubali. "Kidogo sana. Mimi nimeonja mara mbili ndipo nikausikia, wewe umeusikia mara moja." Anamshika binti yake mashavu mawili, akimwachia alama za njano. "Asante Mungu. Sasa naweza kusahau kwa amani."

"Thubutu!" anasema binti, akivuta mfuko wa ufuta ili wasawazishe mchanganyiko. "Washa jiko, Mama. Bado hujanifundisha kukaanga."