Safari ya Wete, Nilipomsemea Mize

Nilikwenda Wete kwa sababu binti yangu Mize alikuwa na homa ya siku tano, na kwinini ya dukani haikumfaa. Mimi sikusoma ila juzuu chache chuoni. Shamba nimelifyeka mwenyewe, nyumba ya mawe nimeijenga mwenyewe, wala sijapata kumtuma mtu anisemee mbele ya bwana yeyote. Nayataja haya kwa kuwa ndiyo yaliyomuua mwanangu.

Alfajiri, kwetu Shumba. Mize alikuwa ametoka arubaini ya uzazi juzi tu, mumewe yuko Tanga kwa kazi. Mtoto mchanga tulimwacha kwa jirani amnyonyeshe. Dada yangu, Bi Time, akatufuata hadi penye punda, keshavaa buibui.

"Kaka, nami nende naye."

"Wende ukafanye nini? Daktari nitasema naye miye."

"Kuna jambo weye hulijui."

"Basi niambie."

Akamtazama Mize. Mize akainama. "Si la kuambiwa weye, baba yake."

"Basi si maradhi," nikasema, nikampiga punda.

Njia ya Konde ni mawe matupu. Mize alikaa upande, mkono wa kushoto kauweka mbali na mwili, kama aliyeficha yai kwapani. "Shika tandiko kwa mikono miwili, utaanguka!" nikamkaripia. Akashika. Akauma ushungi wake.

Konde tulimwacha punda, tukangoja gari dukani kwa Muhindi mmoja. Mkewe akamletea Mize maji, akamtazama sana. "Mzee Hamadi, huyu mtoto mbona kajikunja? Mwache aingie ndani kwangu kidogo."

"Na gari likituacha, utanibeba weye hadi Wete?"

Watu barazani wakacheka. Nami nikacheka.

Saa tano tukawa hospitali ya Wete. Daktari alikuwa Muhindi kijana, mpole. "Binti, unaumwa wapi?"

Mize akafungua mdomo. "Homa," nikasema.

"Namuuliza yeye, Mzee."

"Na aliyemzaa ni miye. Homa, siku tano, kichwa na baridi."

Akaonyesha pazia. "Pale yupo nesi, mwanamke. Binti aingie peke yake, kidogo tu."

"Mwanangu havuliwi nguo kwa homa."

Daktari akamwinamia Mize. "Ni homa tu?"

Mize akanitazama miye, si yeye. "Baba keshasema."

Tukapewa kwinini. Nikatoka kifua mbele, nimeshinda.

Alasiri, kutoka Konde, hakuweza tena kukaa juu ya punda. Nikamtia mgongoni kama alivyokuwa mdogo. Kifua chake kiliponigusa akapiga ukelele.

"Nini?"

"Si kitu, baba."

Nikaenda naye hivyo hadi Shumba.

Siku ya tatu alifariki. Wanawake walipomaliza kumwosha, Bi Time alitoka, mikono ingali na maji, akasimama mbele yangu na wanaume wote wanasikia.

"Ziwa lake la kushoto, kaka. Jipu. Limeoza hadi ndani. Mtoto alikuwa hanyonyi kwa mamake siku ngapi, hukujiuliza kwa nini? Lilikuwa la kutumbuliwa tu."



Tangu hapo huwapeleka Wete vijana wa watu, wa kike na wa kiume. Njia naijua, gari nalijua, mlango naujua. Nikifika huketi nje. Msichana huingia na Bi Time, mvulana huingia peke yake. Nilichojifunza ni hicho tu, na kimenigharimu Mize: mwenye mwili ndiye aulizwe, na sisi wazee tutoke.

Juzi nilimkuta pale mlangoni mzee wa Micheweni na binti yake. Nikamwambia, mwache aingie na dada yangu huyu. Nikamsimulia yote.

Akanisikiliza hadi mwisho, akanipa pole. Kisha akasema, "Wako alikuwa na jipu, ndugu yangu. Wangu ana homa tu."

Penye kizingiti binti aligeuka akanitazama, mdomo keshaufungua. Baba yake akamvuta mkono.