Uzi Mweusi, Misalaba Miwili

Kuna Ijumaa moja ambayo haijatoka kichwani mwangu, mwanangu, na leo asubuhi wewe umeichokonoa. Umekuja hapa dirishani na mashati matatu, ukayatupa mezani kwangu, ukasema, "Dobi, haya mawili yangu. Hili la tatu la mwenzangu wa chumbani, nimelivaa jana dansini. Yeye hajui, usimwambie." Halafu ukacheka. Na hawa wenzako wawili wa mwaka wa kwanza wakacheka pia, meno yote nje kama mnapigwa picha ya harusi.

Mimi sikucheka. Na uliza mtu yeyote hapa chuoni, mimi huwa nacheka hata nikiungua na pasi. Kwa hiyo kaa hapo kwenye gunia la mkaa. Usiogope suruali, nitaifua mwenyewe. Kaa!

Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka mitano au sita tu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Wewe utasoma mpaka uvae miwani. Lakini haya ninayotaka kukwambia hamtafundishwa darasani, maana walimu wenu nao walikuwepo siku ile, na walitazama ukutani.

Mnasema wale wanajeshi waliotutawala wameshakimbia, nchi imepona. Sawa. Bunduki zimekimbia. Ujinga haujakimbia, sebo, bwana wangu, umejiandikisha mwaka wa kwanza na umepewa chumba.

Mnanicheka Kiswahili changu pia, nimewasikia. Mnasema ni lugha ya kambini, ya wanajeshi. Mimi sikukiokota kambini. Nilifunzwa na Mzee Abdala, mikono yetu yote minne ikiwa ndani ya karai moja. Ndiye aliyekuwa dobi wa chuo hiki kabla yangu. Mtu wa Kibuli, hapahapa Kampala, babu zake walitoka pwani na biashara zao wakakaa, wakazikwa palepale mlimani chini ya msikiti. Alinikuta Bukoto sina kazi ila kuchekesha watu sokoni, akaniambia, "Mdomo wako unafanya kazi sana, hebu tuone mikono." Baadaye sabuni ikapotea madukani. Tulifua kwa majani ya mpapai na majivu, na bado mashati yalitoka hapa meupe.

Sasa, mashati meupe yote yanafanana. Ndiyo maana dobi anaweka alama. Geuza kola yako uone. Hapo, kwa ndani. Uzi mwekundu ni bweni la juu, mweusi ni bweni la chini, halafu misalaba na nukta, kila mtu na yake. Mzee alikuwa na daftari la alama zote, nani ni nani na chumba gani. Mwaka ule wanajeshi walipochukua nchi, alilichana ukurasa kwa ukurasa, akawashia mkaa wa pasi. Nikamwuliza kwa nini. "Daftari mtu anaweza kulibeba," akasema. Mimi nikadhani ni uzee.

Basi alama zikabaki vichwani mwetu, na kichwa changu mimi, banange, jamani, kilinasa kama gundi. Nikafanya mchezo. Wanafunzi wananiletea shati lolote, nafumba macho, napitisha kidole kwenye kola, natamka: jina, bweni, chumba. Sikosei. Wanapiga makofi mpaka wapishi wanatoka jikoni kuangalia. Mtu wa darasa la saba anapigiwa makofi na wasomi! Unajua utamu wake? Hujui. Wewe umezoea kupigiwa.

Mzee alikuwa akiniona anasema tu, "Pasi inapoa."

Mwaka mmoja alikuja kijana wa mwaka wa kwanza, Othieno, kutoka Tororo. Mrefu, mpole, anasalimia mpaka paka wa jikoni. Alikuwa na shati moja la maana, jeupe lenye mistari ya buluu, baba yake alimshonesha kwa fundi kabla hajapanda treni. Alama yake uzi mweusi, misalaba miwili, nukta moja.

Na hapa mlikuta desturi, nanyi mmeshaanza kuiona. Wa mwaka wa kwanza akija na nguo nzuri, wakubwa wanaiazima. Hawaombi, wanaiazima. Na yule mdogo badala ya kukasirika anafurahi, anaona amekubaliwa, amekuwa mtu. Mwaka wa pili kulikuwa na mmoja, Bosco, mwenye nywele kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alhamisi akalichukua lile shati, akaenda nalo baa moja kule Bukoto. Othieno alikuja kuniambia anacheka, "Bosco amevaa shati langu!" Kama vile amepewa cheo.

Yaliyotokea kule baa tuliyasikia baadaye. Ofisa mmoja wa jeshi alikuwa anacheza muziki, Bosco akamcheka kwa sauti. Ofisa akamkamata kola. Bosco akajichomoa ndani ya shati, akaruka dirisha, akakimbia na fulana. Shati likabaki mkononi mwa ofisa. Asubuhi watu wake wakalizungusha kwa madobi wa Bukoto, na mmoja, kwa woga wake, akasema uzi wa namna ile ni wa chuoni. Simlaumu. Yeye alisema chuo tu. Mimi ndiye niliyesema chumba.

Ijumaa. Mzee ameshaenda Kibuli kusali, niko peke yangu, jua liko utosini. Wakaja wawili. Miwani nyeusi, viatu vyenye visigino virefu kama vya bibi harusi, mashati ya maua. Kila mtu Kampala alijua hao ni makachero wa serikali, wanaochukua watu wasirudi. Hata mimi nilijua! Usije ukafikiri sikujua. Lakini yule mfupi alikuwa anatabasamu.

"Wewe ndiyo ule dobi ya kichwa mzuri?" akaniuliza. "Watu nasema wewe nafunga macho, najua shati ya kila mutu."

"Wanasema kweli, afande," nikajibu. Nikavimba.

"Hii hapa. Mwenyewe alisahau, sisi nataka kurudishia yeye. Fanya tuone."

Mwanangu, nilifumba macho. Nilifumba kwa madoido, kichwa nyuma, ulimi nje kidogo, vile nilivyozoea kuwachekesha. Nikapitisha kidole. Nikasema, "Othieno! Bweni la chini! Chumba cha tisa! Na saa hizi yuko kwenye foleni ya chakula, maana ni mlafi!"

Hakuwa mlafi. Niliongeza hilo ili wacheke. Na walicheka. Yule mfupi akanipigia makofi.

Nilipofumbua macho walikuwa wameshageuka. Nikawafuata na pasi mkononi, sijui nilitaka kufanya nini. Kwenye bwalo la chakula foleni ilikuwa ndefu, Othieno na sahani yake, Bosco watu wawili nyuma yake, wote wameshapakuliwa maharagwe. Yule mfupi akainua shati juu. "Hii ya nani?"

Na Othieno akafurahi! Hiyo ndiyo inayoniamsha. Alifurahi kuona shati lake. "Ni langu hilo! Mmelipata wapi?" Akanyoosha mkono kulipokea, wakaukamata mkono.

Alimtazama Bosco mara moja. Alimtazama tu, akingoja. Bosco akainamia maharagwe yake kama anatafuta jiwe. Watu zaidi ya mia mle ndani, walimu wakitazama ukuta, na wengi walikuwa wameona nani alitoka jana yake na shati lile. Wakatafuna. Mimi mlangoni, mdomo huu ambao haujawahi kufungwa, ukafungwa. Wakamtoa, wakampakia kwenye gari lisilo na namba, sahani yake ikabaki sakafuni.

Mzee Abdala aliporudi nilimweleza. Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alikaa hapo ulipokaa, akavua kofia, akauliza, "Ungewaambia hujui, wangekufanya nini?"

"Wangenipiga, Mzee."

"Wangekupiga," akasema. "Basi." Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kumtafuta mtoto wa watu.

Alimtafuta wiki tatu. Lango la gereza kule Luzira, lango la kambi hii, lango la kambi ile. Mzee wa miaka ile, kwa miguu, kanzu yake imejaa vumbi la barabara ya Port Bell, na mimi ndiye niliyeifua kila jioni. Kila mahali jibu moja: jina hilo hatuna.

Halafu akaja baba yake kutoka Tororo, fundi wa reli, kofia mkononi. Alipewa sanduku la mwanawe kule bwenini, akapita hapa kuchukua nguo zilizobaki. Nikampa suruali na shuka. Akaniuliza polepole, "Nimesikia wale watu walipita hapa kwanza. Ni nani aliyewaambia ni la mwanangu?"

Nikamjibu, "Sijui, mzee."

Umesikia hapo? Neno ambalo lingemwokoa mtoto, nililipata siku hiyo. Nikampa baba yake!

Mzee Abdala alikuwa anapiga pasi kwa nyuma. Alingoja yule baba atoke getini. Halafu akaweka pasi chini, na ile sauti yake sikuwahi kuisikia kabla wala baadaye. "Wenye bunduki ulikuwa na majibu yao mpaka namba ya chumba! Baba wa mtoto ndiye humjui? Toka. Toka, mbwa wewe! Usiguse maji yangu mpaka umemwambia."

Nilikimbia mpaka stesheni ya treni. Nikamkuta kwenye benchi, sanduku la bati kati ya miguu. Nikamwambia yote, nimepiga magoti kwenye saruji, watu wanapita. Nikamwambia nilifumba macho. Nikamwambia hata lile la ulafi.

Hakunitukana. Alifungua sanduku akatoa ile suruali. "Funga macho," akasema. "Fanya kama ulivyowafanyia."

Nikafumba. Kidole kikapita ndani ya kiuno cha suruali, kikapata misalaba miwili na nukta. "Othieno," nikasema. "Bweni la chini. Chumba cha tisa."

"Tena."

Nikasema tena. Akaichukua suruali, akaikunja kwa kufuata mstari wa pasi yangu, akairudisha. "Kila ofisi niliyoingia," akasema, "wameniambia jina hilo hawana. Wewe unalo. Basi usikae nalo kimya." Treni ikaja, akapanda. Othieno hakurudi mpaka leo, wala kaburi lake halijulikani.

Bosco? Bosco alimaliza chuo vizuri. Ana ofisi mjini na tai shingoni. Mwaka juzi alimtuma dereva wake na mashati sita niyapige pasi. Niliyarudisha na makunyanzi yake yote. Kila kola nilishona uzi mweusi, misalaba miwili, nukta moja, ili akivaa yamguse shingoni. Dereva hajarudi tena.

Kwa hiyo usinichekee hapa, mwanangu, na usinipe siri ya shati la mtu. Nisikilize, maana mwakani wewe ndiye utakuwa mkubwa, na kuna mdogo atakayekutazama.

Usimpe mtu nguo yako, wala jina lako, wala kitambulisho chako, kwa kuwa unataka akuone mwenzake. Anayekupenda kwa shati atakuacha ndani ya shati. Ukiazima wewe, omba, na kumbuka uliyevaa ni wewe. Likichafuka, inua mkono useme ni mimi, hata kama maharagwe yatakukwama kooni. Mtu mwenye tabasamu akija kukuuliza mwenzako analala wapi, kuwa mjinga. Kuwa mjinga kuliko wote chuoni, ukoroge maneno, ukune kichwa, upigwe kama ni kupigwa. Akili si ya kuonyesha kila anayepiga makofi. Lakini mzazi akija kuuliza mwanawe yuko wapi, hapo ujue kila kitu, useme kila kitu, ukisimama au ukipiga magoti.

Na ukimwona mwenzako anatolewa kwenye foleni, weka sahani chini. Mimi sikuweka hata pasi.

Sasa inuka, futa hayo masizi. Mashati yako mawili nitayafua. Hili la tatu lichukue hivyohivyo na jasho lako, umpelekee mwenyewe, umwambie, "Nilikuvalia shati lako bila kukuuliza." Akikutukana, vumilia. Akicheka, rudini wote wawili, nitalifua bure.

Mungu akutunze, mwanangu, wewe na hawa wawili wenye meno. Akupe ulimi mzito mbele ya wabaya na mwepesi mbele ya mama yako. Siku utakapomaliza, upande treni na nguo zako zote sandukuni, na wewe mwenyewe ukiwa umelibeba hilo sanduku. Baba yako asije kulichukua.

Nenda. Na ukifika bweni la chini, chumba cha tisa, bisha hodi kabla hujaingia. Waambie hapo alikaa Othieno.